Mguu Unaofyeka: Historia ya Gango Ugogoni

Njia za Chamwino, mkoani Dodoma, ni za mchanga, na mchanga hautunzi siri. Mfugaji anayetafuta ndama aliyepotea husoma kwato na kujua kama mnyama anachechemea. Nyayo za mtu aliyepata kiharusi nazo husomeka hivyo hivyo. Upande mmoja ni alama kamili ya katambuga, kisigino mpaka vidole. Upande wa pili ni mburuzo uliopinda kama upinde, uliochorwa na ncha ya kiatu iliyokataa kuinuka. Vidole vimelima ardhi, kisigino hakikuigusa. Aliyeziacha alama hizo huutupa mguu pembeni kisha akauleta mbele kwa nusu duara, kama mtu anayefyeka majani.

Kwa mguu wa namna hiyo kipo kifaa cha plastiki nyepesi. Kikanyagio chake hukaa ndani ya kiatu chini ya wayo, kikapanda nyuma ya kisigino na kuishia chini kidogo ya goti, ambako hufungwa kwa mkanda. Hospitalini hukiita AFO, herufi tatu ambazo mgonjwa hurudi nazo nyumbani bila kuelezwa ni za nini. Kiswahili kina neno la siku nyingi linalokienea vizuri zaidi: gango. Gango ni kitu cha kushikilia kilichovunjika au kilicholegea kisiachane. Limetoka kwenye kuganga, kitenzi chenye maana mbili zilizolala kitanda kimoja, kufunga na kuponya, na ndicho kilichotuzalia mganga. Lugha ilikwisha kujua kwamba kufunga vizuri ni nusu ya kuponya kabla ya karakana yoyote kujengwa.

Waunga mifupa wa vijijini walikuwa mafundi wa kwanza wa gango. Walitumia vijiti vilivyochongwa, magome na kamba, na vidole vyao ndivyo vilivyowaambia mfupa umekaa wapi. Asiwepo wa kuwadharau. Tiba ya viungo ya Ulaya nayo ilitokea mlango huo huo. Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 na kufanya kazi Liverpool, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales, na baba yake aliunga watu bila kuwa na cheti cha udaktari. Hugh alikipata cheti, lakini hakuuacha ufundi wa nyumbani. Aliajiri mhunzi na fundi wa ngozi, wakafua fremu za chuma kwa vipimo vya mgonjwa mmoja mmoja. Vyuma vya mguu vilivyokuja kuonekana baadaye kote Afrika Mashariki ni wajukuu wa kazi ya karakana ile.

Ugogo, nchi hii ya Wagogo, kwa upande wake ilikuwa nchi ya miguu tangu zamani. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, ikikata nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia kwenye vijiji vilivyotoza hongo kwa maji na ruhusa ya kupita. Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857. Henry Stanley aliipita mwaka 1871 na kuitaja Mvumi kwa jina. Lakini waliobeba safari hizo ni wapagazi, Wanyamwezi kwa wingi wao, kila mmoja na mzigo wake begani. Mpagazi aliyeumia mguu alikuwa amepoteza kazi, na mara nyingi uhai. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 ilipunguza mizigo ya mabega, ila haikuuondolea mguu kazi zake nyingine: maji, kuni, malisho, shamba la uwele lililo mbali na tembe.

Wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na kutoka hapo wakasogea magharibi. Mwaka 1927 tawi la Australia la shirika hilo lilichukua jukumu la Tanganyika ya Kati, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers, na huduma ya afya ikawa sehemu kubwa ya kazi. Mvumi, ambayo leo imo ndani ya Wilaya ya Chamwino, ikapata hospitali. Daktari kutoka Sydney, Paul White, alifanya kazi huko kuanzia mwaka 1938 hadi 1941, kisha akarudi kwao na kuandika mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor, vilivyowafanya watoto wa nchi za mbali wajue kwamba duniani kuna mahali panaitwa Ugogo. Vitabu hivyo vilimtazama Mgogo kwa jicho la wakati wake na vinapaswa kusomwa kwa tahadhari. Kwa historia ya gango, jambo lenye uzito ni jingine: watu walizoea kumpeleka mgonjwa wa mguu Mvumi, na mazoea hayo yamerithiwa na vizazi.

Miguu iliyolegea ya miaka ile haikuletwa na kiharusi kwa kawaida. Ililetwa na ukoma na polio.

Weka kidole upande wa nje wa goti, chini kidogo, panapotokeza kifundo kidogo cha mfupa. Nyuma yake tu, chini ya ngozi, unapita mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi mnene. Huo ndio unaoamuru msuli wa mbele ya muundi uinue wayo. Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na mshipa huu uliokaa juujuu ni mawindo yao. Ukiharibika, wayo huning'inia. Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, palikuwa na kituo cha wagonjwa wa ukoma, na katika vituo vya namna hiyo kiatu kilikuwa dawa sawa na kidonge, maana wayo usiohisi maumivu hukanyaga mwiba na kutembea nao siku nzima.

Polio ilikuwa hadithi nyingine. Kirusi chake huua seli za uti wa mgongo zinazoendesha misuli, na msuli uliopoteza seli zake hunywea. Mguu wa mtoto hubaki mwembamba na mtepetevu, hauna pa kujishikilia. Fundi hapa alikuwa na swali moja tu: nitaushikaje huu mguu usikunjike chini ya mwenye nao? Jibu likawa chuma. Fito mbili, mikanda ya ngozi, kiatu kizito kilichotobolewa kwenye kisigino. Watu wakasema fulani "anatembea na vyuma", na kila mtu akaelewa.

Aliyeufanya ufundi huo uwe wa bei ya watu wengi katika ukanda huu ni Ronald Huckstep, daktari wa mifupa aliyefika Makerere na Mulago mwaka 1960. Uganda ilikuwa na watoto wengi waliotambaa kwa magoti, na vyuma vya kuagizwa kutoka Uingereza vilikuwa ghali na vilichelewa kufika. Huckstep na mafundi wake walikunja nondo za kawaida, wakakata ngozi ya hapa hapa, na penye shida ya viatu wakachonga viatu vya mbao. Kiatu cha mbao ni ushahidi wa akili ya kweli ya ufundi. Kiatu cha ngozi kingemshinda mzazi kukinunua kila mguu unapokua, lakini kipande cha mbao chenye tundu la kuingizia chuma kingeweza kutengenezwa tena na seremala yeyote. Mwaka 1975, akiwa amekwisha kuondoka Uganda, alichapisha kitabu cha mwongozo wa polio kwa nchi zinazoendelea, na michoro ya vifaa hivyo ikasafiri mbali kuliko yeye. Nchini Kenya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kilikuwa na kazi ya aina hiyo mikononi.

Kwa Tanzania, mahali pa kutazama ni Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na miaka kumi baadaye, mwaka 1981, ndani ya viwanja vyake kikaanzishwa chuo cha mafundi wa viungo, TATCOT, kwa makubaliano kati ya Tanzania na Ujerumani Magharibi. Wajerumani walileta walimu, mashine na mtaala. Kilichobaki pale, na ndicho kilichokuwa kigumu zaidi kujenga, ni walimu wa Kiafrika. Harold Shangali aliongoza chuo hicho kwa miaka mingi, na vijana kutoka nchi nyingi za bara hili walikuja Moshi kujifunza kazi ambayo kwao haikuwa na shule. Mgonjwa wa Dodoma anapopimwa mguu leo, kuna uwezekano mkubwa mkono unaompima ulifundwa chini ya Kilimanjaro, au ulifundwa na aliyefundwa huko.

Mkono huo hufanya kazi kwa mpangilio ambao haujabadilika sana. Mgonjwa huketi, akavalishwa soksi nyembamba. Fundi huchora kwa kalamu ya wino unaohama: vifundo vya pembeni, kichwa cha mfupa chini ya goti, maungio ya vidole. Kisha bendeji za plasta huloweshwa na kuzungushwa, na wakati zinakauka fundi huushika wayo kwa nguvu za viganja vyote viwili, akiulazimisha ukae pembe mraba na muundi. Dakika hizo chache huamua kila kitu. Wayo ukiteleza kidogo, gango litazaliwa na kosa. Plasta ikishika hupasuliwa kwa mbele, ikavuliwa kama ganda, ikajazwa uji wa plasta mpya. Asubuhi yake fundi ana mguu mweupe wa mgonjwa mezani, wenye alama za wino zilizohamia humo. Hupunguza kwa tupa pale gango litakapobana nyama, huongeza pale litakapogusa mfupa.

Ndipo karatasi ya polipropilini yenye unene wa milimita 3 hadi 5 huingizwa kwenye tanuri. Plastiki hii ikiwa baridi ni nyeupe kama maziwa, na ikifikia joto lake, karibu nyuzi 180, hugeuka angavu kama kioo. Rangi ikibadilika, watu wawili huitoa kwa glavu, wakaifunika juu ya mguu wa plasta, na pampu ikafyonza hewa mpaka plastiki ikashikamana na kila bonde. Ikipoa hukatwa. Mstari wa kukata ukipita nyuma ya vifundo vya mguu, gango litakuwa na mnepo. Ukipita mbele yake, gango litakuwa gumu kama mtaimbo. Tofauti ni upana wa vidole viwili.

Vidole viwili hivyo ndivyo vinavyobeba sehemu iliyobaki ya historia hii.

Polio ilianza kuondoka. Mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili nchini Tanzania alionekana mwaka 1996, nchi ikathibitishwa kuwa salama mwaka 2015, na mwezi Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kumaliza kirusi hicho cha asili. Ni ushindi mkubwa, na watoto ambao hawakuvaa vyuma hawatajua kamwe walichoepushwa. Karakana zilizojengwa kwa ajili yao, hata hivyo, zikabaki wazi, na mlangoni akawa anakuja mteja wa umri tofauti.

Mwaka 2003 watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakiongozwa na Richard Walker, walianza kuhesabu kila kiharusi kipya katika maeneo mawili: Hai mkoani Kilimanjaro na sehemu ya Dar es Salaam. Kazi iliendelea hadi mwaka 2006 na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi 108.6 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Namba ya pili iliwashtua wengi, kwani ilizidi zile za nchi tajiri ambako kiharusi kilidhaniwa kuwa ugonjwa wao. Chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu lisilojulikana au lisilotibiwa. Kikundi kilichohusiana na mradi huo kiliuliza pia watu wanaelewaje ugonjwa wenyewe. Hai walitaja zaidi presha na sababu za mwili. Dar es Salaam walitaja zaidi majini na uchawi. Anayedhani kijiji ndicho kilichobaki nyuma na mji ndio uliofunguka macho atafakari hapo.

Dodoma haikuwemo kwenye hesabu ile. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ulikuwa wa mwaka 1973, lakini mji ulinenepa haraka serikali ilipohamia kwa kweli miongo minne baadaye. Chamwino, iliyokuwa kijiji cha ujamaa kilichopendwa na Mwalimu Nyerere, ikawa wilaya mwaka 2007 na kuzungukwa na magari ya Ikulu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka huo huo wa 2007, Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2015, na fedha zilizotengwa kwa sherehe za Uhuru za mwaka 2018 zikaelekezwa kujenga Hospitali ya Uhuru hapo hapo Chamwino. Kwa mgonjwa wa kiharusi hayo ni mabadiliko makubwa. Ambaye zamani angelazwa kitandani nyumbani na kuombewa, leo anaweza kufikishwa penye kipimo cha kichwa. Anapona, anaruhusiwa, anarudi Buigiri au Manchali akiwa hai. Na mguu unafyeka.

Tatizo ni kwamba mguu huu si ule wa polio, ingawa kwa mbali unafanana nao. Katika polio msuli umekufa. Katika kiharusi msuli ni mzima, amri ndiyo iliyokatika. Ubongo uliokosa damu umeacha kuutuma msuli wa mbele ya muundi uinue wayo, na wakati huo huo shavu la mguu, lililokosa wa kulizuia, linajikaza lenyewe. Wayo unavutwa chini na kugeukia ndani. Mwezi wa kwanza mguu unaweza kuwa mlegevu, wa tatu ukawa umekakamaa. Anayekanyaga kwa vidole kila hatua husukuma goti lake nyuma mpaka linapinda upande usio wake, na goti lililozoeshwa hivyo huanza kuuma. Fundi aliyefundwa kwa swali la "nitaushikaje" anakutana na swali gumu zaidi: niushike kiasi gani, na niache nini kifanye kazi?

Hofu ya zamani ilikuwa ya uvivu. Waganga wa viungo wengi, hapa na Ulaya, waliogopa kwamba msuli ukisaidiwa utalala. Babu akivalishwa gango, msuli wa muundi utaona kazi imefanywa na plastiki, utanywea, na babu hatatembea tena bila gango. Wengine waliwazuia wagonjwa kulivaa kwa miezi, wakisubiri mguu "uamke" wenyewe. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mtu aliyewahi kutolewa plasta ya mkono uliovunjika ameuona msuli wake ulivyosinyaa.

Stefan Hesse na wenzake wa Berlin walilipima jambo hilo na kulichapisha mwaka 1999. Walibandika vihisi vya umeme juu ya ngozi za wagonjwa 21, maana msuli unapofanya kazi hutoa umeme kidogo unaoweza kusomwa, kisha wakawatembeza wakiwa na gango gumu na bila gango. Walichokiona kilikuwa na sura mbili. Wagonjwa walitembea vizuri zaidi, na msuli mkubwa wa mbele ya paja, upande ule ule uliopooza, ulifanya kazi zaidi kuliko awali. Lakini msuli wa mbele ya muundi ulipunguza kazi yake. Wenyewe walionya kwamba huenda kwa muda mrefu msuli huo ukadhoofika.

Kwa nini paja liamke kwa sababu ya plastiki iliyofungwa kwenye muundi? Tazama hatua yenyewe. Mtu mwenye gango gumu anatua kwa kisigino, si kwa vidole. Kwa kuwa kifundo hakikunjuki, muundi wote unasukumwa mbele mara kisigino kinapogusa ardhi, goti linataka kukunjika, na msuli wa paja unalazimika kulidaka. Miezi yote ya kufyeka haukuwa na cha kudaka, kwa sababu goti lilikuwa limekakamaa limenyooka. Gango limeurudishia kazi yake. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mgonjwa ambaye paja lake ni dhaifu mno anaweza kuporomoka goti kwa msukumo huo huo, na hapo fundi mwerevu hulainisha kisigino cha kiatu au huacha mnepo kwenye plastiki. Ni zile tofauti za vidole viwili.

Swali la uvivu lilisubiri miaka mingine ishirini kupata jibu zuri. Huko Enschede, Uholanzi, Corien Nikamp na wenzake waliwagawa wagonjwa wapya wa kiharusi kwa bahati nasibu. Wengine walipewa gango mapema, wengine wakacheleweshwa wiki nane. Waliwafuata kwa wiki 26, na matokeo kuhusu msuli wa muundi yakatoka mwaka 2019. Siku yoyote ya kipimo, gango lilipovaliwa, msuli ulipunguza kazi wakati mguu ukiwa hewani, kama Berlin walivyoona. Lakini walipotazama miezi yote ile, hawakukuta msuli wa waliovaa mapema umefifia kuliko wa waliochelewa. Ulipumzika gango likiwa mguuni, haukusahau kazi. Utafiti ule ulikuwa wa watu 26, na mwenye busara hataujengea ghorofa. Hata hivyo unawapa wataalamu sababu ya kutomnyima mtu hatua zake za leo kwa kuogopa msuli wake wa kesho. Mapitio ya Sarah Tyson na Ruth Kent yaliyochapishwa mwaka 2013, yaliyokusanya majaribio 13, nayo yalionyesha mwendo na usawa wa mwili vinaboreka gango linapovaliwa.

Kuna upande ambao vihisi vya Berlin na Enschede havikuuona, kwa kuwa watu wale walitembea kwenye sakafu. Chamwino hakuna sakafu. Kuna mchanga unaozama, mbuga inayonata masika na kupasuka kiangazi, miiba ya migunga, na kizingiti cha tembe kinachomtaka mtu ainame na kuinua mguu kwa wakati mmoja. Msuli wa muundi hufanya kazi mara mbili katika kila hatua: huinua wayo usikwame, kisha kisigino kikitua huushusha wayo polepole usipige kofi. Kwenye mchanga kazi zote mbili huongezeka. Gango gumu lililofaa ukumbi wa mazoezi linaweza kumwangusha mtu kwenye mteremko wa mfereji, maana kifundo kisichokunjuka hakiwezi kufuata ardhi. Anayeagiza gango bila kuuliza mgonjwa anaishi wapi, anapita wapi kwenda chooni, na anaketi chini au kwenye kiti, amepima mguu na kumwacha mwenye mguu.

Halafu kuna kiatu. Gango lote limebuniwa likae ndani ya kiatu kilichofungwa, chenye kisigino na kamba, na kipana kuliko mguu kwa namba moja. Wazee wengi wa Ugogo huvaa katambuga, ndala zilizokatwa kwenye tairi la gari, zinazodumu miaka na zisizopenywa na mwiba. Gango halikai ndani ya katambuga. Likivaliwa peku huteleza kwenye sakafu ya saruji na kumeza mchanga, na mchanga ukiingia kati ya plastiki na ngozi isiyohisi vizuri, jioni kuna kidonda. Ndiyo maana magango mengi huishia kutundikwa ukutani. Familia husema mzee amekataa kulivaa. Mara nyingi ni kiatu kilichokosekana.

Huckstep alikwisha kukutana na tatizo hili miaka ya 1960 na akalijibu kwa mbao. Chamwino ina jibu lake tayari, limeketi kwenye kivuli cha mwarobaini sokoni, na kisu chake kikali, msumari na rundo la tairi kuukuu. Fundi wa katambuga anajua kukata soli kwa kufuata wayo wa mteja aliyesimama mbele yake, ufundi ule ule wa kuchora na kukata uliofundishwa Moshi kwa plasta. Akiwekwa meza moja na fundi wa viungo kwa siku mbili tatu, ataelewa upesi kinachotakiwa. Soli ifuate ukingo wa plastiki, si wa mguu, kwa hiyo iwe pana kwa kidole kimoja kila upande. Mkanda mmoja upite juu ya wayo karibu na kifundo, mwingine uzunguke nyuma ya kisigino ili gango lisiteleze kurudi nyuma mguu unapokuwa hewani. Ncha ya mbele ipunguzwe unene na kuinuliwa kidogo, isije ikalima mchanga. Na katambuga ya mguu mzima iongezwe soli kwa unene ule ule wa plastiki, nyonga zisipishane.